Bukavu: gari dogo likilia kama bunduki, nani anakimbia?

Bukavu, Kivu ya Kusini – Wenye magari madogo ya mbio katika mji wa Bukavu wapashwa kuambiwa waziwazi: ule mlio wa "pa, pa-pa" wanaoutoa usiku toka Nyawera kuelekea Essence si ufundi, na hauongezi hata farasi mmoja katika moteri. Ni mlio ambao familia zilizokimbia vita zausikia kama risasi. Na pesa iliyolipwa ili gari litoe mlio huo, mara nyingi ni pesa iliyokosekana kwenye freni.

Si magari mengi. Mtu angeweza kuyahesabu. Lakini gari moja peke yake, saa nne za usiku, katika mji wa milima ambamo sauti yagonga upande huu na kurudi toka upande ule, laamsha mtaa mzima wa Nyalukemba na kusikika hadi ng'ambo. Shofere yeye amekwisha kufika kwake na kulala. Aliyebaki macho ni mama aliyelaza watoto sita katika nyumba ya shemeji yake, akijiuliza kama afunge mizigo ao angojee.

Magari yenyewe yajulikana. Ni Toyota Starlet, Vitz, IST na ndugu zao: gari fupi, mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, moteri ya lita 1.3 ao 1.5, matumizi ya mafuta kidogo. Yanatoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, yanashuka kwenye bandari ya Dar es Salaam ao Mombasa, kisha yanapanda kwa barabara hadi huku kwetu. Mengi yanafanya kazi ya taksi na kulisha familia. Mengine yananunuliwa na vijana wenye kupenda mwendo, na hao ndoto yao ni Starlet ya turbo, hasa ile iliyoitwa Glanza, iliyotengenezwa tangu 1996 hadi 1999, yenye moteri ya 4E-FTE ya lita 1.3 na nguvu za farasi 135 katika gari ambalo halifiki tani moja. Asiyeipata anachukua Vitz ao IST na kuigeuza iwe kama alivyoota.

Kupenda gari ya namna hiyo si zambi. Tena, kwa mji huu, gari dogo ndiyo gari lenye akili. Avenyu za Kadutu ni nyembamba, kugeuza gari ndefu pale Cimpunda ni kazi ya asubuhi nzima, na jeep kubwa inayokunywa mafuta wakati pampu zimekauka inabaki mapambo ya kiwanja. Historia nayo iko upande wa magari madogo. Katika Safari Rally ya Kenya ya mwaka 1993, nafasi nne za kwanza zilichukuliwa na Toyota Celica zenye turbo na magurudumu manne yenye kuvuta. Nyuma yao, nafasi ya 5, ya 6 na ya 7, walifika Daihatsu Charade, vigari ambavyo mtu angeviona sokoni na asigeuze shingo. Miaka sita mbele yake, 1987, Kenneth Eriksson alishinda Rally ya Côte d'Ivoire akiwa na Volkswagen Golf GTI, gari fupi lenye kuvuta kwa mbele, sawa na Vitz. Magari hayo hayakupigana na udongo, mawe na mashimo ya Afrika kwa kelele. Magari ya rally za huku yaliinuliwa, yakatiwa amotisere nzito, yakafungwa bamba la chuma chini ya moteri ili jiwe lisitoboe karteri. Kwa maneno mengine, yalitengenezwa kwa ajili ya barabara iliyokuwa mbele yao.

Huku Bukavu mambo yanapinduliwa. Kijana anapata gari. Wiki ya kwanza anabandika karatasi nyeusi kwenye vioo. Wiki ya pili anafika garaji, na pale mazungumuzo hayachukui muda.

"Patroni, hii gari inakosa pumuzi. Tukate silansie, tutie tuyo ya kunyooka, utaona vile itapanda."

"Na itatoa ile sauti?"

"Itatoa, mdogo wangu. Hadi Bagira watakusikia."

Hakuna aliyeuliza habari ya plaketi za freni. Hakuna aliyeingia chini ya gari kuangalia kama mpira unaofunika kichwa cha kardani umepasuka. Silansie inakatwa kwa meule, inatupwa nyuma ya kiwanja, tuyo inaunganishwa kwa poste, kijana analipa na kutoka akiwa mwanaume mwingine.

Sasa tuseme ukweli juu ya ile "pumuzi". Ziwa Kivu liko kwenye mita karibu 1,460 juu ya bahari, na sehemu kubwa ya mji iko juu zaidi ya ziwa. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi: kanda yake imepungua karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam ao Mombasa. Moteri isiyo na turbo inavuta hewa hiyohiyo, basi nguvu zake nazo zinapungua karibu kwa kadiri hiyo. IST ya lita 1.3 iliyotoka kiwandani na farasi 87 haifiki 75 inapopanda Kadutu. Ndiyo sababu gari "linakosa pumuzi". Ni mlima, si silansie. Tuyo iliyonyooka hairudishi hewa ambayo Mungu hakuiweka hapa. Mara nyingi moteri ndogo ikiondolewa mfumo wake wa moshi inapoteza nguvu pale chini, kwenye mizunguko midogo, na pale ndipo shofere wa Bukavu anapoihitaji kila siku, akiondoka kwa gia ya kwanza nyuma ya lori lililojaa mihogo. Sauti inaongezeka, na sikio linaidanganya akili: kwa kuwa gari linapiga kelele zaidi, mwenyewe anafikiri linakwenda zaidi.

Turbo peke yake ndiyo yenye jibu kwa mlima, kwani inasukuma hewa kwa nguvu. Lakini mwenye turbo ana madeni ambayo mwenye IST hana. Vidanji ya mafuta ya moteri isichelewe, kilomita 5,000 ni nyingi za kutosha. Akifika kwake kisha kupanda mlima kwa nguvu, aache moteri izunguke polepole dakika moja ao mbili mbele ya kuzima. Asipofanya hivyo, mafuta yanaungulia ndani ya turbo na kugeuka makaa. Na zaidi ya yote, aangalie esanse anayoinunua. Turbo ya namna ile ilitengenezwa kwa esanse nzuri ya Japani. Ile ya bidoni ya Kadhafi wa kando ya barabara, iliyochanganywa labda na petroli ya taa, inawaka mbele ya wakati wake ndani ya silinda, moteri inagonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo ndogo, na siku moja pistoni inatoboka. Kijana atasema wamemroga.

Halafu mlio wenyewe. Unatokeaje? Ni esanse ambayo haikuungua ndani ya moteri. Inatoka mbichi, inakutana na joto katika eshapema, inalipuka humo, na kwa kuwa silansie haipo tena, mlipuko unatoka nje wote mzima. Wengine wanakwenda mbali zaidi: wanatafuta mtu mwenye kompyuta ili abadilishe programu ya gari, achelewesha moto wa buji na kuacha esanse ipite bure wakati shofere ameondoa mguu. Ni kusema, mtu analipa ili esanse yake iungue nje ya moteri. Katika mji ambamo watu wanapanga bidoni kwa mstari siku ambazo mafuta yamekosekana! Na inaunguza vitu: supape za kutolea moshi, katalizere kama ingalipo, turbo kama ipo. Hakuna gari la kiwanda lililotengenezwa ili kuvumilia hayo kwa miaka, tena gari ambalo limekwisha kufanya miaka 15 ao 20 Japani na hapa.

Lakini tuache moteri. Moteri inanunuliwa.

Bukavu ni mji unaojua sauti ya bunduki kwa moyo. Pale pale Nyawera, tarehe 29 Oktoba 1996, ndipo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa, siku ambayo mji ulikuwa ukianguka. Mwezi wa tano na wa sita 2004, watu walilala chini ya vitanda siku nzima wakati wapiganaji wa Mutebutsi na wa Nkunda walipouchukua mji. Wenye miaka 25 leo walikuwa watoto wadogo wakati huo. Waulize mama zao. Kisha 2025: mwezi wa pili, vita vilishuka toka Kalehe, Nyabibwe, vikafika Katana na Kavumu ambako kuna uwanja wa ndege, na tarehe 16 AFC/M23 wakaushika mji. Tarehe 27 ya mwezi huohuo, mabomu yalilipuka kwenye Place de l'Indépendance watu wakitoka katika mkutano, na zaidi ya watu 10 wakafa. Mlio ule wa kwanza, walioukuwepo walisimama wakijiuliza ni kitu gani. Wa pili, walikimbia.

Familia zilizotoka Minova, Kalehe na Kabare ziko ndani ya mji huu. Hazina kambi kubwa yenye hema nyeupe ambayo wageni wangepiga picha. Ziko katika nyumba za watu, chumba kimoja kwa familia mbili, katika makanisa, katika masomo. Watoto wao wamejifunza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewafundisha: mlio mmoja, unanyamaza, mlio wa pili, unalala chini, ukisikia mingi, unatafuta mama. Mtoto huyo hajui Glanza ni nini. Hajui kwamba kuna kijana anayefurahi. Anajua kwamba juzi mlio kama huo ulimtoa kwao akiwa hana viatu.

Na barabara hiyohiyo inayotoka Essence ndiyo inayokwenda Panzi. Kule kuna hospitali iliyoanzishwa 1999 na daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani 2018, na dunia nzima inajua ni wanawake gani wanatibiwa mule na ni nani aliyewafanya wawe wagonjwa: watu wenye bunduki. Kupitisha mlio wa bunduki chini ya madirisha ya nyumba kama hiyo, kwa ajili ya kufurahisha watu watatu waliokaa ndani ya gari, ni jambo ambalo katika Kiswahili cha nyumbani lina jina moja tu, nalo ni kukosa haya.

Wenye magari wana majibu yao, na haki yao ni kusikilizwa.

Wamoja wanasema: gari ni langu, nimelinunua kwa pesa yangu. Ni kweli, gari ni lako. Hewa ya usiku juu ya Muhungu si yako. Mtu anayepika samaki kwake hakatazwi, lakini akimwaga maji ya samaki kwenye mlango wa jirani, mkubwa wa avenyu atamwita. Sauti nayo ni kitu unachomwaga kwa jirani.

Wengine wanasema: vijana hawana kitu kingine. Kazi hakuna, benki zilifungwa, masomo yamechechemea, mbona mnatuondolea hata furaha hii ndogo? Hili ndilo jibu zito kuliko yote, na mwenye kulidharau haishi hapa. Kijana wa Bukavu ameona mengi, na Jumamosi moja ya kuosha gari na marafiki kando ya ziwa si anasa. Lakini furaha ya gari haiko katika milipuko. Iko katika gari linalogeuka vizuri, linaloshika barabara, linalosimama pale ulipotaka lisimame. Vijana wanaojua gari kwa kweli wanakubali hilo wakiwa peke yao. Kelele ni kwa ajili ya wale wanaotazama kando ya barabara, na wengi wa wale hawatazami kwa kupenda.

Kuna pia wanaosema kwamba kelele inalinda: mtembea kwa miguu anasikia gari likija, na motari wa pikipiki vilevile. Hapana. Mtu anayesikia mlio wa ghafula nyuma yake haendi kando kwa utaratibu. Anaruka. Na upande anaorukia haujulikani, unaweza kuwa mbele ya gari lenyewe. Kwa kutahadharisha watu kuna honi, na honi ilikuja na gari bila kulipishwa.

Wa mwisho wanacheka na kusema: pikipiki nazo zinapiga kelele, mbona hamwandiki juu ya pikipiki? Wana haki. Motari anayetoboa eshapema yake naye yumo katika barua hii, asijifiche nyuma ya IST.

Sasa kuhusu freni, kwani humo ndimo watu wanakufa. Bukavu hakuna barabara tambarare ya kuzungumuzia. Unapanda, unashuka, unapanda. Na anayetoka mjini kwenda Uvira kwa barabara ya kitaifa namba 5 atakutana na mteremko wa Ngomo, ambako upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande mwingine ni bonde, na magari yaliyoanguka mule si ya kuhesabiwa kwa vidole. Shofere wa gari dogo anayeshuka pale akikanyaga freni toka juu hadi chini anazipikisha. IST na Vitz za otomatiki zina alama za 2 na L kwenye kirungu cha gia. Wengi wanaziendesha miaka mitano bila kujua ni za nini. Ni za Ngomo. Unaweka 2, moteri inashikilia gari, freni inapumzika.

Halafu maji ya freni, ambayo watu wengi wanayaongeza tu lakini hawayabadilishi. Maji yale yanavuta unyevu toka hewani, mwaka hadi mwaka, na Bukavu ni mji wa mvua. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye digri 205 ao zaidi. Yakiisha kuvuta unyevu yanachemka kwenye 140 tu. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, na 155 yakiwa yamezeeka. Katika mteremko mrefu plaketi zinapasha moto hadi kule. Maji yanachemka, mvuke unaingia katika mfereji, na pedali inakwenda hadi chini bila gari kusimama. Shofere akiokoka atasema "freni ilikataa". Haikukataa. Ilikuwa na maji ya zamani, yaliyopaswa kubadilishwa kila miaka 2, kwa chupa ambayo bei yake haishindi karatasi nyeusi ya vioo.

Mipira nayo. Kila mpira una herufi DOT kwenye ubavu, na mwishoni namba nne: 2316 ni kusema juma la 23 la mwaka 2016. Mwenye kununua mipira iliyotumika, ile inayopangwa kando ya barabara iking'aa kwa rangi nyeusi, asome namba hizo mbele ya kutoa dola. Mpira wenye miaka kumi unaweza kuwa na meno mazuri na mwili uliokufa. Kwa mvua ya mwezi wa nne, kwenye lami ya avenyu Lumumba iliyopakwa matope, mpira huo ni sabuni.

Kisha kuna ule ugonjwa wa kukata resori ili gari lilale chini. Ni desturi ya nchi zenye barabara kama meza. Resori iliyokatwa kwa meule inabaki na safari fupi. Shimo la kwanza linafikia mwisho wake na kugonga mwili wa gari, la pili linapasua amotisere, la tatu linatoboa karteri na mafuta ya moteri yanabaki barabarani pale Kadutu kama alama ya kumbukumbu. Wenye taksi, ambao watu wa mbio wanawacheka, wanafanya kinyume: wanainua gari kidogo na kuweka resori nzito. Mzee wa taksi mwenye Starlet iliyochakaa rangi, anayebeba watu tangu alfajiri na kuosha filtri ya hewa kila majira ya vumbi, anajua kugeuza gari kuliko kijana mwenye filtri ya wazi inayovuta hewa ya moto na udongo mwekundu moja kwa moja. Na kama ungemwuliza, angekuambia pia usikubali fundi aondoe termostati ya gari kwa kisingizio cha joto; moteri isiyopata joto lake inakunywa esanse na kujila yenyewe.

Jambo moja tena, ambalo halisemwi sana. Magari haya yana usukani upande wa kuume, kwani Japani wanaendesha upande wa kushoto. Sisi Kongo tunaendesha kuume. Taa zake za mbele zilitengenezwa ili mwanga uinuke kidogo upande wa kushoto, kando ya barabara ya Japani. Hapa kwetu upande huo ndiko linakotoka gari la mbele. Hivi kila IST inayopita usiku, hata ile ya mtu mwenye adabu, inammulika macho yule inayekutana naye. Mwenye kutia balbu nyeupe za nguvu juu ya kasoro hiyo anamfanya motari anayekuja mbele yake kuwa kipofu kwa sekunde mbili ao tatu. Mafundi wanaweza kushusha taa kwa bisibisi, dakika kumi za kazi. Nani ameomba kazi hiyo wiki hii?

Na wakubwa? Sheria haikukosekana. Nchi hii ina sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978 juu ya mwendo wa barabarani, na Zaire ilijiunga 1977 na mapatano ya Vienna ya 1968, yanayotaka kila gari la moteri liwe na silansie inayofanya kazi. Miaka karibu hamsini. Kilichobadilika ni wenye kusimama barabarani na filimbi, na wakaaji wamezoea kwamba anayesimamishwa anaulizwa karatasi, si freni, na kwamba karatasi isiyopatikana hugeuka kuwa franga. Wenye kushika mji, wawe nani, wasimamishe pia tuyo. Wasichukue gari la mtu na kulifanya lao, kwani hiyo imeonekana na watu wamechoka nayo. Waandike, wampe siku saba, arudi na silansie.

Lakini kungojea wakubwa ni kungojea sana. Anayeweza kumaliza jambo hili bila sheria wala polisi ni mwenye garaji. Bukavu ina mafundi ambao, bila kompyuta wala kitabu cha Toyota, wanasikiliza moteri kwa bisibisi iliyowekwa sikioni na kusema ni silinda gani imechoka. Watu wenye ujuzi wa namna hiyo hawawezi kusema kwamba hawajui tuyo ya kunyooka haiongezi kitu. Wanajua. Wanakata kwa sababu mteja ameomba na siku imekuwa ndefu bila kazi. Basi mteja akiomba, amwambie kama mkubwa anavyomwambia mdogo wake: kwa pesa hiyo nitakubadilishia maji ya freni, nitaangalia plaketi, nitashusha taa zako, na gari litashuka Ngomo na kurudi. Fundi hatapoteza franga hata moja.

Kwa wale waliokwisha kukata, silansie nyingi hazijaenda mbali. Zimelala nyuma ya garaji zilezile, kati ya mabati na betri zilizokufa, zikingoja mwenye kununua chuma kwa kilo. Kuirudisha mahali pake ni poste kidogo na asubuhi moja.